Punje Tatu za Tasbihi

Mtu huyu anaitwa Khaista Mir. Kwa Kipashto, lugha ya kwao, khaista ni mzuri wa sura. Wazazi wake walimpa jina hilo siku aliyozaliwa, na siwalaumu, maana mtoto wa siku moja hana pua ya kutisha. Pua ilikuja baadaye, ikaja kwa fujo, na leo ukimwona anatokea sokoni Darra, mji wao wa milimani, utaiona pua kwanza, halafu kofia, halafu yeye mwenyewe. Uzuri wote aliopewa uliishia mikononi.

Mikono hiyo kazi yake ni kunakili. Darra nzima inaishi kwa bunduki; kila kibanda kina jiriwa na tupa, na kila fundi anadai babu yake ndiye aliyewafundisha wengine. Khaista Mir hakuwa na haja ya kudai. Umpe bastola leo, baada ya siku kumi anakuwekea mbili mezani, na wewe mwenye mali unakaa hapo unazipindua ukijiuliza ipi uliyokuja nayo. Herufi za kigeni hazisomi, lakini anazichonga zote, na nambari, na nukta. Mwaka fulani mteja mmoja alimletea bastola iliyowahi kuanguka kwenye ngazi ikapata mkwaruzo ubavuni. Aliporudi akakuta mikwaruzo miwili, kila bastola na wake.

"Huu wa nini tena?" mteja akauliza.

"Ulikuwepo," akajibu Khaista Mir, na hakuelewa yule bwana anacheka nini.

Jambo jingine: alikuwa hajawahi kusema "siwezi." Kule kwao fundi wa kweli huitwa Ustad, na Ustad akishasema siwezi mara moja tu mbele ya watu, kesho yake wanamwita kwa jina tupu. Sasa hebu fikiria kuitwa kwa jina tupu, na jina lenyewe ni Mzuri, na pua ile.

Nyumbani kwake kulikuwa na mtu mmoja tu asiyemwita Ustad. Bibi Marjana, mama wa mkewe, alikuja kuwatembelea kwa wiki mbili alipofiwa na mume, na hizo wiki mbili zilikuwa zimeingia mwaka wa kumi na moja. Mwana wa kiume hakuwa naye, kwa hiyo hapakuwa na wa kumchukua. Funguo za chumba cha nafaka zilikuwa kiunoni mwake tangu jioni ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka kumpa. Alikuwa na kumbukumbu ya karani wa mahakama, na huruma ya karani huyohuyo. Alijua kila mbuzi wa mtaa alizaliwa siku gani, nani alileta sahani ngapi za wali kwenye arusi ya nani, na kila ahadi ambayo Khaista Mir aliwahi kuitoa akiwa na njaa.

"Mwezi wa Shaabani mwaka juzi," husema, "Jumanne, umesimama hapo hapo unakula kitunguu, ulisema utaziba paa."

"Mama, nilisema nitaliangalia."

"Ulisema utaziba. Kitunguu kilikuwa chekundu."

Mkewe, Nazmina, hapo huinamia beseni la unga ili asionekane anacheka. Na Khaista Mir, kesho yake akiwa kwenye jiriwa, alikuwa na dua moja aliyoirudia kwa miaka: Mungu amtulize mama huyu. Asimdhuru, la hasha. Amtulize tu kidogo.

Bibi Marjana alikuwa na mali moja duniani, tasbihi. Marehemu mumewe aliileta kutoka Makka alipokwenda hija. Maji ya zamzam yalikwisha, tende zikaliwa na majirani, tasbihi ikabaki: punje tisini na tisa za rangi ya maziwa, zimegawanywa mafungu matatu ya thelathini na tatu, na kishada cha hariri mwishoni. Ukiianika juani halafu ukaingia nayo gizani, inawaka kijani. Alihesabu nayo baada ya kila sala, midomo ikicheza, macho yakiwa kwa mkwe wake.

Majira hayo, joto likianza kuchachamaa, akaja kibandani Malik Jahandad, mkuu wa ukoo wa bondeni. Alitoa bastola ya zamani iliyokuwa imefungwa kwenye shali, akaiweka mezani taratibu.

"Ustad, hii ni ya baba yangu. Sitaki mpya, sitaki nakala. Nataka hii hii, lakini niione."

"Huioni, Malik?"

"Mchana naiona. Jua likishuka, nundu ya mbele ya kulengea inapotea. Nguruwe mwitu wanaingia kwenye mahindi yangu, mimi nanyosha mkono, mbele yangu giza tupu."

"Muulize na tangi la maji la kaka yake alilolitoboa," akasema Tor Gul. Huyu ni fundi wa kibanda cha pili, mwenye ugoro mdomoni saa zote na maoni juu ya kila kitu.

"Tangi lile lilikuwa na umbo la nguruwe," akasema Malik kwa heshima zake zote.

Malik alikuwa ameona kwa afisa mmoja huko mjini Peshawar bastola yenye nukta tatu za kijani, mbili nyuma na moja mbele, zinawaka zenyewe gizani. Unazipanga kwenye mstari, basi. Lakini bastola za namna hiyo vidude vya kulengea vinapachikwa. Unavitoa, unaweka vingine. Hii ya mzee nundu ya mbele na mkato wa nyuma vilichongwa kwenye chuma kilekile. Havisogei, havitoki.

"Haiwezekani," akasema Tor Gul, akatema ugoro. "Zile nukta zina hewa maalumu ndani ya kioo, zinatengenezwa nje huko. Na hapa pa kuzipachika hakuna. Mwambie tu mzee huwezi, anywe chai yake aende."

Tor Gul angenyamaza siku ile, watu wengi wangelala vizuri.

"Wiki mbili," akasema Khaista Mir.

Siku za kwanza alinunua saa ya mezani yenye namba za kung'aa, akazikwangua, akachanganya na rangi, akapaka. Zikawaka muda wa kupiga chafya mbili. Akanunua saa nyingine. Akajaribu rangi ya mabango ya barabarani, ambayo huwaka ukiimulika taa, kwa hiyo Malik angehitaji nguruwe mwenye taa. Tor Gul alikuwa akifuatilia yote hayo kwa furaha kubwa.

"Ustad, tafuta vimulimuli. Wawili nyuma, mmoja mbele. Kazi yako itakuwa kuwalisha tu."

Siku ya kumi na moja alirudi nyumbani adhuhuri, kichwa kinamuuma, akaingia chumba cha nafaka kutafuta kopo la gundi. Chumba hakina dirisha, na kwa baridi yake Bibi Marjana hulala humo mchana. Alikuwa ametoka kuswali uani kwenye jua kali, na sasa alikuwa chali kwenye kitanda cha kamba, anakoroma. Kifuani pake gizani, tasbihi ilikuwa ikipanda na kushuka, kijani kabisa, punje kwa punje.

Mtu mcha Mungu angesema subhanallah. Khaista Mir aliona nukta mbili nyuma na moja mbele.

Ijumaa Bibi Marjana huoga kwa kirefu, na tasbihi hubaki kwenye msumari wa mlango. Mkwewe aliingia nayo chumbani akaifungua. Sasa, mwizi wa kawaida angenyofoa punje tatu mahali pamoja, akafunga uzi ovyo, akakimbia. Huyu alikuwa fundi. Alichukua moja kutoka kila fungu, ili mizani isiharibike. Alilitazama fundo la Makka kabla ya kulifungua, mizunguko minne na mmoja kinyume, akalifunga vilevile, na kishada akakichana kikae kilivyokuwa. Alipoirudisha msumarini, hata aliyeitunga kule Makka angeapa haijaguswa. Akajipongeza kimoyomoyo, mpumbavu yule.

Kibandani akatoboa vishimo vitatu kwenye chuma cha mzee, vidogo kama mbegu ya ufuta, bila kuigusa nundu umbo lake. Punje akazisaga kwa tupa hadi zikaenea vishimoni, mabaki yakawa vumbi, akakaza kwa gundi, akapiga msasa. Ukipitisha kidole huhisi kitu.

Malik aliianika bastola juani, kisha akajifunika blanketi nayo. Halafu kutoka ndani ya blanketi ikasikika sauti ya mzee mzima, mwenye wajukuu kumi na tisa, anacheka kama anatekenywa.

"Umezitoa wapi, Ustad?"

"Nje," akasema Khaista Mir, akimtazama Tor Gul. "Niliagiza."

Giza lilipoanza kuingia siku ile nguruwe mmoja aliiaga dunia, na tangi likabaki salama. Habari zikasambaa. Watu wakaanza kuleta bastola za baba zao na babu zao, zote na nundu zisizotoka, na Khaista Mir akawaambia wasubiri, mzigo uko njiani.

Nyumbani, Ijumaa ile ile ya wizi, alikuwa amekaa akila mkate wa mahindi huku anamsubiri mama mkwe alipuke. Bibi Marjana akahesabu baada ya sala. Akasimama. Akaitazama tasbihi, akaanza upya. Akasimama tena. Akalikagua fundo, akakipapasa kishada, akaisogeza mwangani. Khaista Mir alitafuna polepole, ana majibu matatu tayari, yote ya uongo.

Lakini hakulipuka. Aliiweka tasbihi mapajani, akagusa paji la uso wake kwa vidole viwili, kama mtu anayepima homa.

Siku mbili za mwanzo Khaista Mir aliona dua yake imejibiwa. Hakuna kitunguu, hakuna paa, hakuna mbuzi wa mtu. Alikula kwa utulivu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akalala mchana. Siku ya tatu Nazmina akamfuata uani.

"Ustad, mama ameniuliza mara mbili kama ameshaswali adhuhuri."

"Joto hilo."

"Mama hajawahi kuniuliza kitu. Mama huniambia."

Akakaa akifikiri, na hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Mtu yeyote akikuta tasbihi imekatwakatwa anasema nimeibiwa. Bibi Marjana alikuta fundo lilelile, kishada kilekile, mafungu yaliyolingana, ila hesabu imepungua. Pa kutia lawama pakabaki mahali pamoja tu, kichwani mwake mwenyewe. Kama angeiba vibaya, kama mtu wa hovyo, mama wa watu angekuwa mzima.

Jioni ya siku ya nne bibi akamwita. Hakumwita kwa ukali, na hilo peke yake lilimtia baridi.

"Kaa hapa. Wewe una macho ya kazi. Vidole vyangu vinanidanganya siku hizi. Hesabu na mimi fungu moja."

Wakahesabu kila mmoja kimoyomoyo, kidole kinene cha mkwe kikisukuma punje baada ya kidole kilichokauka cha bibi. Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili, na hapo mwisho. Bibi akamtazama usoni, anangoja.

Alitaka kumfariji. Wallahi alitaka kumfariji tu.

"Thelathini na tatu, mama," akasema. "Zimetimia."

"Aa," akasema Bibi Marjana. Akaikunja tasbihi. "Mimi nimepata thelathini na mbili. Basi kweli ni mimi." Kisha akampigapiga mkono. "Ahsante, mwanangu."

Miaka kumi na moja hakuwahi kumwita mwanangu. Alikuwa na majina mengine kwa ajili yake, na yote yana pua ndani yake. Khaista Mir alikwenda kazini kesho yake akaharibu mtutu mzuri kabisa, akautupa chini ya meza.

Ungedhani sasa amejifunza. Hapana. Alikwenda sokoni akanunua tasbihi nyingine ya kung'aa, akalinganisha rangi punje kwa punje kwenye mwanga wa mchana hadi muuzaji akachoka, na Ijumaa ya pili, wakati wa kuoga, akarudisha tatu mpya, moja kila fungu, fundo la mizunguko minne na mmoja kinyume. Tisini na tisa, safi. Akaenda zake anapiga mluzi.

Aliporudi, Nazmina alikuwa amekaa mlangoni na funguo za chumba cha nafaka mkononi, anazitazama kama hajui ni za nini.

"Amenipa," akasema. "Anasema wiki nzima amepata thelathini na mbili, leo anapata thelathini na tatu. Anasema punje hazizai."

Tena bibi alikuwa ameshatuma salamu kwa majirani. Wanawake wakaja mmoja mmoja, wakavua viatu, wakakaa kwenye mkeka. Na Bibi Marjana, aliyekuwa akiwajua wote kwa makosa yao kwa miaka na tarehe, akawaambia, "Nisameheni jamani, kabla sijasahau niliwakosea nini."

Wanawake wakalia. Khaista Mir, upande wa pili wa ukuta, akaweka uso kwenye matofali. Alimwogopa mama yule, alimchoka, mara nyingine alimwombea safari ndefu. Na sasa akajua, ghafla na kwa uchungu, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza kwa makini namna ile. Nani mwingine duniani alijua kitunguu kilikuwa chekundu?

Wageni walipoondoka akaingia, akapiga magoti.

"Mama, huna ugonjwa. Ni mimi. Niliiba punje tatu, halafu nikakudanganya, halafu nikarudisha nyingine."

Bibi Marjana akamshika shavu. "Kumbe una moyo mzuri hivi," akasema. "Miaka yote hii sikuuona."

"Mama, nasema kweli! Niliziiba!"

"Ndiyo, mwanangu. Uliziiba. Kapumzike."

Nazmina akaangua kilio. Alikuwa hajawahi kuona mumewe na mama yake wanatendeana wema, na akaona sasa kweli ni mwisho.

Ushahidi ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa bondeni, kwa Malik. Kesho yake saa tano asubuhi Khaista Mir akaingia hujra, baraza la wanaume, wakiwa wamejaa kwenye vitanda vya kamba na chai ya kijani. Tor Gul naye alikuwepo, kwa bahati yake njema.

"Malik, niazime bastola yako saa moja."

"Imeharibika?"

"Haina kosa. Kosa ni langu. Zile nukta si za nje. Ni za tasbihi ya mama mkwe wangu, niliziiba, na sasa anadhani amepotewa na akili. Taa za nje siwezi kuzitengeneza. Sikuweza hata siku moja."

Birika lilisikika likichemka. Tor Gul akasahau kutema.

"Ngoja," akasema Malik Jahandad, sura imembadilika. "Unaniambia mimi nimemlenga nguruwe kwa tasbihi? Ya Makka?"

"Ndiyo, Malik."

"Astaghfirullah. Nguruwe!"

"Ndiyo maana alikufa kwa risasi moja," akasema Tor Gul, na hapo hujra nzima ikapasuka. Watu walianguka kwenye mito. Mmoja akauliza kama bunduki ya udhu inapatikana. "Khaista Mir," wakaanza kumwita, "Khaista Mir, kwa mama mkwe kuna mzigo mwingine?" Hakuna aliyesema Ustad, si siku ile wala baadaye. Alisimama akayapokea yote, kofia mkononi.

Malik peke yake hakucheka. Alitoa risasi zote bastolani, akahakikisha mara mbili, akaikunja katika shali.

"Bibi huyo alipofiwa na mumewe, mimi nilikuwa mazikoni," akasema. "Alinitajia siku ile majina ya wajomba zangu waliofariki, mpaka wale niliowasahau. Nenda. Usikawie."

Akatoka mbio, kisha akakumbuka punje lazima zishibe jua, akaitoa bastola kwenye shali akapita nayo sokoni ameinyanyua juu kabisa ya kichwa, njia nzima. Kwa kuwa ni Darra, hakuna aliyegeuka.

Bibi Marjana alikuwa chumba cha nafaka, ameelekea ukutani. Tasbihi ilikuwa nje kwenye kamba ya nguo. Hakuwa na hamu nayo tena. Khaista Mir akaichukua ikiwa ya moto, akaingia, akafunga mlango, akaziba mwanga wa chini kwa gunia.

"Mama, kaa. Tazama hapa. Sitaki uniamini, tazama tu."

Gizani zikatokea nukta tatu, mbili nyuma, moja mbele. Kando yake akaitandaza tasbihi. Na hapo likaonekana jambo ambalo hata yeye hakulijua, maana alizilinganisha rangi mchana, mjinga: katika kila fungu punje moja ilikuwa ikiwaka kimanjano, kama siagi. Nyingine zote kijani. Na zile tatu za bastolani zilikuwa kijani kilekile, kijani cha Makka.

Bibi Marjana akaketi. Akavuta tasbihi kwake, akahesabu kwa sauti, akiruka ile ya manjano. Thelathini na mbili. Fungu la pili, thelathini na mbili. La tatu. Kisha akanyosha kidole akagusa zile za bastolani, moja, mbili, tatu, kwenye chuma baridi.

"Thelathini na mbili," akasema. "Nilisema thelathini na mbili."

"Ulisema, mama."

"Nilihesabu sawa."

"Ulihesabu sawa kila siku."

Akalia. Gizani Khaista Mir hakumwona, alimsikia tu, na ilikuwa sauti ndogo ya mtu aliyeokotwa njiani. Hakuthubutu kumshika. Kisha kiatu kikamjia kutoka upande asioutegemea, kikampata puani, mahali ambapo hata gizani hapakosekani. Kikamjia tena. "Mwizi! Mwizi wa Makka! Pua ya bomba!" Nazmina alipofungua mlango aliwakuta hivyo, akaketi kizingitini akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, akamrushia mama yake funguo.

Alasiri bibi alijifunga shali, akamtoa mkwewe barabarani.

"Wanawake kumi na mmoja nimewaaga," akasema. "Utawapelekea ukweli mmoja mmoja."

Mwanamume haingii kwa wanawake wa watu, kwa hiyo alisimama kwenye kila lango mbele ya pazia, akiongea na kitambaa. Nyuma ya pazia bangili zinalia, watu wanasukumana wasikie.

"Mimi Khaista Mir, mkwe wa Bibi Marjana. Niliiba punje tatu za tasbihi yake nikaziweka kwenye bastola. Bibi ni mzima."

Kicheko nyuma ya pazia. Akageuka aende zake, na kidole kikamchoma mgongoni.

"Malizia."

"Nimemaliza, mama. Nimesema niliiba."

"Punje nimekusamehe tangu mle chumbani," akasema Bibi Marjana. "Mwizi ni mwizi, ana shida zake. Lakini nilikuita, nikakukalisha, nikakuuliza. Lile sijakusamehe. Malizia."

Khaista Mir akaligeukia pazia.

"Aliniuliza ni ngapi," akasema. "Nikajua ni thelathini na mbili. Nikamwambia thelathini na tatu."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono wa kanzu, akampeleka kwenye lango la pili.